Mabano ya Mraba

Darasa letu liko ghorofa ya tatu, Glasgow.
Dirisha halifungi sawasawa, na mvua ya hapa
hainyeshi, inakaa tu hewani
kama mgeni asiyejua kuaga.
Tuko saba. Dakta Rennie huja na chupa ya chai
na picha ya kipande cha mafunjo
kilichookotwa jalalani, chini ya mchanga.
Zamani lilikuwa shairi, lilikuwa na kinubi.
Kwa Kiswahili changu limebaki hivi:

          ] mkanda wa [
          ] ulisema utanile[

Utaniletea? Utanilea? Utanilegeza?
Miaka elfu mbili mtu yuko mlangoni
anangoja ahadi imalize silabi zake.

Baba mdogo aliuliza kwenye simu: Kigiriki cha kale?
Cha wafu? Kitasaga mahindi?
Sikumjibu. Anayesaga mahindi ni Kulwa,
pacha wangu, Kahama, unga hadi kwenye nyusi;
nusu ya ada yangu imepimwa kwa debe.

Wiki ya nne tulifika kwenye kauli ya kati:
si mtenda, si mtendwa.
Wenzangu walikunja nyuso.
Mimi niliandika pembeni: mlango umefunguka.
Nani kaufungua? Hakuna. Umefunguka.

Wiki ya sita, neno dogo la herufi tatu.
Kamusi inalizunguka nusu ukurasa:
msemaji anang'amua sasa
jambo lililokuwa hivyo tangu mwanzo.
Fergus alijaribu sentensi nzima. Catriona, mbili.
Nikasema, bila kunyoosha mkono: Kumbe.
Dakta Rennie akaweka kikombe chini.
Rudia.
Kumbe.
Darasa zima likarudia, wakiivuta ile e ya mwisho
mpaka ikapata baridi.

Kwenye mizani ndipo nilipoanguka.
Wao hupima ndefu na fupi; sisi tunahesabu,
kama fundi na matofali yake.
Niliambiwa nitunge kwa kipimo chao, kwa lugha yangu.
Usiku wa manane nikarudisha hiki:

     Ndefu sina, fupi sina, kipimo changu ni nane,
     Nikivuta zinanuna, zinataka zilingane,
     Mgiriki muungwana, shika chako tuachane,
     Lakini penye maana, tukae tusikizane.

Arobaini na mbili kwa mia.
Chini yake, kwa wino wa kijani:
kipimo hakipo, shairi lipo.

Halafu ukaja uwili.
Lugha ile ilikuwa na umoja, ilikuwa na wingi,
na kati yao kichochoro cha wawili tu:
macho, mikono, maksai wa jembe,
ndugu wanaotembea njia moja.
Ulikufa, alisema Dakta, wingi uliumeza.
Akafuta ubao.
Nilikuwa sijamaliza kunakili.

Jumapili Kulwa alituma sauti.
Nilikuwa dobi la sarafu, karibu na daraja,
kapu la nguo magotini.
Upepo, pikipiki, mtu akimwita mtu.
Nikainakili kama tulivyofundishwa,
nukta kwa kila silabi iliyopotea:

     [ . . . ] Doto, wale jamaa wa [ . . . . ]
     wamekuja na gari [ . . ] mashine [
     usimwambie mama [ . . . . . ] ada ni[

Ada nini? Nitatuma? Nisamehe? Niachie?
Mhariri mwaminifu hajazi pengo kwa anachokitamani.
Nikapiga. Haipatikani. Nikapiga.
Nikatafuta risiti kwenye simu: Agosti, tarehe kumi na nane,
kiasi chote, mkupuo mmoja.
Hakuna debe linalopima hivyo.

Neno lile dogo likaja lenyewe,
halikuhitaji kamusi.
Sikulitamka.
Nyuma yangu mashine ikaanza kuzunguka,
ikanguruma kama ile ya nyumbani,
na mwanamke mwenye kofia ya sufi akaniuliza
kama kiti kile kingine, hapo kando yangu,
kina mtu.